Herufi ya Kwanza

Jumatatu, 7 Septemba 1998

Malaba asubuhi, kama kila Jumatatu. Modemu pekee ninayoruhusiwa kushika iko kwenye ofisi ya binamu yangu ya kusafirisha mizigo. Imeili sitini na mbili kutoka kwa wenzangu wa Perl, lugha niliyoandikia programu ya kadi za wagonjwa hospitalini kwetu. Toleo jipya limetoka. Wanashangilia kama waliojaliwa mtoto. Mmoja wao, yuko Ulaya, ametuma kipande cha kufuta kadi zilizoandikwa mara mbili. Kinalinganisha herufi ya kwanza ya jina, jina la baba na tarehe ya kuzaliwa. Mistari tisa tu. Yangu ilikuwa mia moja na haikufanya kazi.

Nimerudi Busia nikakipachika. Kadi arobaini na moja zimefutwa kufumba na kufumbua. Daktari amenipa mkono. Nimevimba kichwa, sikatai.

Alhamisi, 17 Septemba

Nesi wa kliniki ya Busibwabo analalamika. Mzee Ouma hayumo kwenye orodha niliyomchapia, ila nduguye Okumu yumo. Nimemwambia avae miwani. Ana miwani.

Ijumaa, 18 Septemba

Si macho ya nesi. Nimelinganisha na orodha ya Agosti. Ouma na Okumu hawajui siku waliyozaliwa, kwa hiyo wote tuliwaandikia tarehe mosi Januari, mwaka mmoja. Baba mmoja. Majina yote mawili yanaanza na O. Programu imeona mtu mmoja.

Huku kwetu wanaume wangapi ni O? Wanawake wangapi ni A? Mimi ni Auma. Dada zangu ni Akinyi na Atieno. Nimeishi na hizo A maisha yangu yote, na bado nilinakili kazi ya mgeni bila kuwaza, kwa sababu ilikuwa fupi na safi. Mjinga mimi.

Kisha nikaona jina lililonikata maini. Apiyo Wandera, miaka saba, Sio Port. Amefutwa. Pacha wake Adongo amebaki. Kadi ya Apiyo ilikuwa na onyo kwa herufi kubwa: ASIDUNGWE PENISILINI. Mwaka jana sindano moja ilimfunga pumzi, nusura afe.

Nimerudisha kadi zote kutoka kwenye diski ya Agosti. Lakini orodha mbovu ilishatumwa zahanati ya Funyula wiki jana. Simu ya Funyula imekufa. Gari la mwisho limeondoka. Naogopa.

Jumamosi, 19 Septemba

Funyula saa mbili asubuhi. Nesi alinipokea vizuri tu.

"Mtoto wa Wandera alikuja jana na tonsils. Kwa list yenu ako mmoja, na hakuna onyo. Nikamdunga penisilini."

Nikauliza yupi. Hakuelewa swali. Nyanya yake ndiye aliyemleta, akawa anamwita mtoto "mama" tu, si kwa jina. Waliondoka hapo hapo, mvua ilitishia omena, dagaa wa ziwani, zilizoanikwa nyumbani.

Kutoka hapo hadi Sio Port nilikaa nyuma ya boda boda. Njia nzima niliona kaburi dogo. Nilitaka baiskeli iende mbio, tena nilitaka isifike.

Kwa Wandera hakuna aliyenielekeza, akina Wandera ni wengi. Nikasema mama ya Apiyo. Wakasema, ah, Nalongo. Ndivyo wanunuzi wa kutoka Uganda wanavyomwita mama wa pacha, na soko zima limefuata. Soko zima linajua ana wawili. Kompyuta yangu tu ndiyo haikujua.

Wasichana wawili walikuwa mlangoni wanakunywa uji. Mmoja amefungwa kitambaa shingoni. Nikamuuliza jina.

Adongo.

Nikaketi mchangani nikalia mbele ya watu. Bahati tu. Sikuokoa mtu.

Jumatatu, 21 Septemba

Malaba. Nimewaandikia wenzangu wa Perl majina ya kwetu, O zote na A zote. Yule wa Ulaya amejibu kabla sijaondoka. Ameomba radhi, amerekebisha. Wengine wamenipongeza. Sikusikia raha yoyote.

Nimemwambia metroni, mkuu wa manesi wetu, yote. Kadi za karatasi zinarudi, zitakaa sambamba na kompyuta. Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

Jumatano, 23 Septemba

Nalongo alikuja hospitalini mwenyewe. Nilifunga mlango nikamweleza, bila kujificha nyuma ya mashine. Aliomba kuona. Nikafungua. Adongo, na chini yake Apiyo. Aliweka kidole kwenye jina la Apiyo.

"Huyu wa chini ndiye ulitoa?"

Ndiye.

"Na kama ni yeye alidungwa, akufe, hii kompyuta ingesema nimepoteza nani?"

Nilimwambia ukweli. Isingesema kitu. Ingeonyesha mtoto wake yupo.

Alijifunga leso upya, akashukuru, akaenda kuwachukua watoto wake getini.