Mwenye Fimbo Hapigi Makofi

Baba yangu, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa na hasira. Wewe ndiye uliyejua kuzisikiliza hasira zangu bila kuniambia ninyamaze, sasa sina wa kumpelekea.

Unakumbuka nilipokuambia chuoni wamenipa ulezi wa klabu ya mdahalo? Ulicheka, ukasema kazi ya ubishi wamempa aliyezaliwa akibisha. Basi ubishi umenifika shingoni. Wanafunzi wangu walimwalika yule bwana anayehubiri kwamba wafugaji tuliohamia bonde la Rukwa turudishwe tulikotoka. Ulimsikia redioni siku moja, ukaizima, ukaenda zizini.

Telesia, binti Mfipa wa kijiji cha Pito, ndiye mwenyekiti wa klabu. Aliniambia chuo ni cha umma, mwenye neno aje aliseme ukumbini, ajibiwe hapo hapo. Ngassa, kijana Msukuma wa kwetu Milepa, huko bondeni, alisimama mbele ya wenzake akasema, "Madamu, huyo akija, mimi naondoka. Siwezi kukaa nijadiliwe kama ng'ombe mnadani."

Nawapenda wote wawili, Baba. Mkuu wa chuo alinawa mikono, akasema uamuzi ni wa mlezi. Nikikataa, watasema Msukuma amefunga mlango kwa ajili ya Wasukuma wenzake. Nikikubali, nimempa kipaza sauti mtu anayesema wewe, uliyelala Milepa, umezikwa ugenini.

Ndipo nikamkumbuka Baba Kalista, jirani yetu Mfipa, siku ng'ombe wetu walipoingia shambani kwake wakafyeka mahindi. Alikuja na fimbo, sauti yake ikimtangulia, na mama akatuingiza ndani. Wewe ulitoka mikono mitupu. Ulichuchumaa katikati ya uwanja, ukaanza kumsalimu Kifipa, ukipiga makofi taratibu kama wenyeji walivyokufundisha ulipohamia.

Mzee alisimama, fimbo mkononi. Kwao salamu haiachwi bila kuitikiwa, hata na mwenye hasira, na salamu ile inataka mikono yote miwili. Ikabidi aweke fimbo chini. Alichuchumaa, akapiga makofi, akaitikia mpaka mwisho, ndipo akakutukana. Na alikutukana hasa. Ulimsikiliza mpaka akaishiwa, kisha mkaenda pamoja kuliangalia shamba.

Nilikuuliza kama hukuogopa. "Niliogopa sana, mwanangu," ukasema. "Lakini mwenye fimbo hapigi makofi."

Kwa neno hilo nikasema aje.

Siku yenyewe upepo wa Sumbawanga ulikuwa unakata masikio. Nilimsubiri mlangoni mwa ukumbi. Alishuka garini na simu mkononi, Telesia nyuma yake amembebea mkoba. Nikachuchumaa na sketi yangu ya kazini, nikamsalimu Kifipa, nikipiga makofi. Ukumbi mzima uligeuka. Yeye ni Mfipa, amelelewa katika salamu hiyo. Alinitazama, simu bado mkononi.

"Mwalimu, mambo ya kizamani hayo," akasema. "Tunachelewa."

Akanipita. Baba, niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nimechuchumaa mbele ya wanafunzi wangu, viganja vimekutana, na hakuna wa kuniitikia. Nikawaza kwamba ulinidanganya, au kwamba watu wa aina ya Baba Kalista wamekwisha.

Telesia akauweka ule mkoba chini, kwenye vumbi. Akachuchumaa mbele yangu, akapiga makofi, akaitikia salamu yote mpaka mwisho. Yule bwana akasimama katikati ya ukumbi akiusubiri mkoba wake.

Alihutubia. Alisema yote aliyokuja kuyasema, na maswali aliyajibu kwa maneno yale yale. Ngassa alikuwa amekuja, kumbe, amekaa nyuma kabisa. Yule bwana alipofika kwenye hoja ya makaburi ya wageni, Ngassa alinyanyuka akatoka. Tangu siku hiyo hajaingia darasani. Wenzake wanasema ameteremka Milepa na begi lake.

Kwa hiyo sijui kama nilifanya sawa. Wenzangu ofisini wananisifu kwa ujasiri, na kila wakinisifu nakiona kiti cha Ngassa. Huenda nilikifuata kisa chako nikasahau kwamba wakati ule sisi watoto tulikuwa tumeingizwa ndani. Ngassa nilimwacha uwanjani.

Jana Telesia alinifuata. Alisema yeye ndiye aliyealika, na yeye ndiye atakayemfuata Ngassa nyumbani kwao. Kisha akaniuliza kwetu tunasalimiaje. Nimemfundisha mwangaluka, salamu ya asubuhi. Anaitamka kwa Kifipa chake, ungecheka.

Kesho tunateremka wote. Mama yake Ngassa ana kila haki ya kutupokea na fimbo. Tutaziweka pochi zetu chini kabla hatujafika mlangoni, na Telesia ndiye atakayeanza salamu.

Lala kwako, Baba. Hapo ulipo ni kwako.

Ni mimi, mwanao mbishi.