Miguu ya Mama Maria Imeoshwa

Niko na miaka themanini na tatu. Nimezika ndugu zangu wote, nimeona wazungu wa majani chai wakienda, na sasa naona mashine ikichukua kazi ya mikono. Hapa Roret hakuna mzee amebaki na meno kama yangu.

Leo Jumapili mvua ya mawe imepiga chai, na mimi nimeketi jikoni kama mtu amefukuzwa kwake.

Mke wangu Rebeka tulimzika wakati wa mahindi mabichi. Alikuwa na sanamu ya Mama Maria, ya plasta, pale mezani. Kila akitoka kuchuma, kabla hajanawa, alishika miguu ya ile sanamu akasali. Utomvu wa chai hautoki kwa sabuni. Vidole vyake vilikuwa vyeusi, na miaka ikienda, miguu ya Mama Maria ikawa nyeusi pia.

Jirani yangu Kiprono, mtu wa kuokoka, hunichokoza. "Mzee, nyinyi mnaabudu simiti!"

Nikamwuliza, "Na wewe ukiita ng'ombe wako kwa jina, unamwabudu?"

Akaenda zake. Kwa maneno hakuna mtu amewahi kunishinda.

Lakini tangu Rebeka aende, maneno ya sala yananikataa. Naweka tu kidole gumba pale kwenye weusi. Hiyo ndiyo sala yangu yote.

Jana binti yetu Chebet alikuja kutoka Kapsoit kutayarisha nyumba, maana leo jumuiya ya kanisa ilikuwa inakuja kumwombea mama yake. Niliporudi kutoka kwa ng'ombe, alikuwa amebeba sanamu kama mtoto ametoka kuogeshwa.

"Baba, ona! Nimesugua na jiki na waya ya sufuria. Ilikuwa na uchafu wa miaka!"

Miguu ilikuwa nyeupe kama maziwa.

Nikasema, "Asante, mama." Basi. Nikarudi kwa ng'ombe ambao nilikuwa nimeshawakamua.

Leo akina mama wa jumuiya wamefurahi. "Boiyot, mzee wetu, Mama Maria wako amerudi kuwa msichana!" Wakacheka, nikacheka. Wakati wa sala nilinyoosha kidole, nikakirudisha. Hakukuwa na pa kukiweka.

Nitasali na nini sasa?

Ukidhani ni uongo wa mzee kwamba miguu ile ilikuwa nyeusi, uliza katekista wetu Joseph, ndiye aliibeba ile sanamu siku ya mazishi. Uliza Mama Akinyi, aliyechuma chai na Rebeka mstari mmoja mpaka mwisho.

Chebet usimwulize. Na usimwambie.