Redio ya Mjomba Sassi Imenyamaza

Mtaa wa Wauza Tende,
Nafta, Tunisia.
17 Novemba 2019

Mpendwa kaka yangu Lazhar,

Salamu za nyumbani zikukute mzima huko Lyon na baridi yake. Mgongo wako unaendeleaje? Sisi hatujambo, ila goti la Mama linamsumbua tangu mavuno ya tende yaanze, na haambiliki. Jana nimemkuta amechuchumaa anachambua tende kama msichana.

Habari za msiba nilikupa kwa simu, lakini mengine hayakusemeka. Tulimzika Mjomba Sassi, na redio yake tukaizika naye.

Unakumbuka ilivyoanza? Chumba kile juu ya ghala, trei za mayai ukutani za kuzuia mwangwi, na Mjomba akipiga nyimbo za kwetu ambazo watu wa Tunis hawazitaki. Akifariki mtu yeyote hapa Nafta, Mjomba alikuwa hapigi muziki mpaka marehemu azikwe. Muuza magodoro alipolalamika kuwa tangazo lake limerukwa, Mjomba alimjibu, "Lete na sanda basi, tuvitangaze pamoja!"

Na siku ya Bibi Hnia je! Jirani aliona godoro lake limeanikwa juani, kama wafanyavyo wafiwa, akadhani bibi kaaga dunia, mbio mpaka redioni. Muziki ukakatwa. Bibi akapanda ngazi na mkongojo wake: "We Sassi, nimekufa lini mimi bila kuambiwa? Hebu piga ngoma hiyo, nisikie kama bado mzima!" Mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu.

Mjomba alipougua, wanawe waliiuza redio kwa watu wa Tunis. Sasa nyimbo zinatoka huko kwa mashine, chumbani hakuna mtu. Siku ya maziko yake ilikuwa inapiga nyimbo za harusi. Jeneza lilipopita, watu walizima redio zao, duka baada ya duka, mpaka tukasikia nyayo zetu wenyewe. Nililia, kaka, na papo hapo nikaona fahari. Hakuna aliyeiwasha tena.

Ila ninachokuandikia hasa ni Mama. Unajua kila Alhamisi alasiri alikuwa akipiga simu redioni kukuchagulia wimbo. Akiongea na wewe huuliza tu umekula nini, umevaa nini. Redioni alisema yote: kwamba kitanda chako bado anakitandika, kwamba akipika kuskusi hujisahau akakuwekea fungu lako. Alijua mawimbi hayafiki Lyon. Lakini mji mzima ulimsikia, na kesho yake sokoni kila mtu alimwuliza habari zako, akarudi amechangamka.

Sasa Alhamisi ikifika anakaa kando ya redio iliyozimwa, mikono mapajani. Mimi nimekukumbuka sana, kaka, lakini yeye upweke wa nyumba hii umemzidi nguvu.

Shangazi Jannet anakusalimu. Bibi Hnia naye anakusalimu, anasema hafi mpaka akuone, kwa hiyo usimcheleweshe. Mungu akulinde ugenini na akufungulie njia.

Nilimwuliza Mama nikufikishie salamu gani. Alisema, "Mwambie redio imezimwa. Aje anisikilize mwenyewe."

Dada yako asiyechoka kukupenda,
Rebeh