Taa ya Anayefika Mwisho

Alaska, 12 Machi 1979

Mpwa wangu Lorna,

Salamu nakupa kwa kuwa mama yako ni dada yangu, si kwa kuwa unazistahili. Miguu haijaganda? Mimi mzima, ila moyo unafuka moshi kama jiko la kuni mbichi.

Redio inasema umeacha mashindano ya mbwa wavuta sleji, magari ya kuteleza juu ya theluji. Umeacha! Kituo cha mwisho, milima yote nyuma yako, umebakiza mto ulioganda tu! Nami nimesimama penye mstari wa kumalizia, nailinda taa isiyozimwa mpaka wa mwisho afike. Wa mwisho ulikuwa wewe, sawa, nani alijali? Niliwaambia watu, "Subirini, damu ya Ambrose haiishii njiani!" Jirani yangu Elmer akacheka mpaka meno ya bandia yakaangukia thelujini. "Damu ya Ambrose imeganda!" Nikaizima taa kwa pumzi yangu mwenyewe, nikaenda kulala na viatu.

Mimi, enzi zangu, niliyamaliza mashindano hayo nikiwa na mbavu zimevunjika. Nimefika Seattle, nimepanda lifti na matajiri, sijaona mtu anayeacha mbio kizingitini. Nieleze, la sivyo usiniite mjomba.

Ambrose, aliyekuwa mjomba wako


Kituo cha mwisho, 14 Machi

Mjomba, shikamoo.

Natumaini mgongo wako umepoa kuliko ulimi. Mimi mzima. Lakini barua nzima, mbavu zako zimo, mbwa hawamo! Hukuuliza hata hali ya Kwini, kiongozi wao, binti wa mbwa wako mwenyewe.

Tulipofika hapa nilimwekea samaki mkavu. Alimnusa, akageuza uso. Nikamchemshia supu ya mafuta. Akalaza kidevu juu ya buti langu. Wenzake wakafuata, bakuli zikaganda zikiwa zimejaa. Msimamizi wa kituo akasema, "Wasukume, dada, ni mto tu." Na wangeenda! Hilo ndilo linaloniudhi. Ningepiga mluzi, Kwini angesimama, angevuta mpaka moyo umpasuke katikati ya barafu. Yeye hajui kuacha. Kati yetu wawili, anayejua ni mimi.

Nani alinifundisha kwamba mbwa akikataa samaki mbio zimekwisha, hata kama unaona moshi wa nyumbani? Au yale yalikuwa maneno ya jikoni?

Ndege ilitaka kunichukua, nimekataa. Wakila, tutarudi polepole, bila namba kifuani. Elmer anicheke usoni.

Lorna, mpwa wako, upende usipende


16 Machi

Mpwa wangu mkaidi,

Kwini hajambo? Wenzake je? Nimeanza na mbwa, umeona.

Usijidanganye, bado nina hasira. Barua yako niliisoma mbele ya watu nikitafuta pa kukutukana, sikupaona. Elmer akaanza, "Hata hivyo..." Nikamkata, "Wewe mbio zako ndefu ni za kitandani mpaka chooni, nyamaza!" Na huyo msimamizi wa "ni mto tu," mwambie nikimpata nitamfunga kamba, avute yeye.

Nakutumia samaki wa moshi wa mama yako, minofu ya tumbo. Mlishe Kwini kwa mkono. Akila, njooni. Asipokula, kaa.

Wenye mashindano wamefungasha mabango yao. Walitaka na taa. Nikawauliza, "Wa mwisho amefika?" Wakasema, "Huyo si aliacha?" Nikawaambia, "Ameacha mashindano yenu. Nyumbani hajafika."

Nimeiwasha tena, nimeitundika mlangoni kwangu. Mafuta yapo mpaka barafu iyeyuke.

Mjomba wako