Nyuzi Zinazovuta

Jumapili, 9 Juni

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti limeacha kukusumbua. Watoto nao, wanasoma? Sisi huku tu wazima, na leo nasema hivyo bila kusitasita.

Majibu ya damu yametoka. Unajua mimba zilivyonitoka, na mama mkwe alivyokuwa akisema jikoni, kwa sauti ya kusikika hadi sebuleni, kwamba nyumba hii imekuwa hoteli, watu wanakula na kulala tu. Ndipo daktari akatutuma, mimi na shemeji yako, tukapimwe kromosomu, vile vibeba urithi vya ndani ya seli.

Mtaalamu wa maabara, mama mmoja mcheshi, alitueleza kwamba seli ikigawanyika hutandaza nyuzi nyembamba kutoka ncha zake mbili. Nyuzi hizo hushika kila kromosomu kiunoni na kuvuta, nusu huku, nusu kule. Ili azihesabu, hutia dawa ya kuzuia nyuzi, kromosomu zitulie. Shemeji yako akamwomba tone moja la dawa hiyo ampelekee mama yake, naye atulie.

Baadaye tukaitwa kutoa damu upya. Nikajua wameona baya, wananificha. Kumbe yule mama alisahau kutia dawa! Alipochungulia kwenye hadubini, seli zilikuwa zimeshagawana kila kitu na kufunga mlango. Alituomba radhi mpaka nikamwonea huruma.

Juzi daktari akatuambia kromosomu zetu sote wawili ziko sawa. Huenda katika zile mimba nyuzi zilivuta vibaya mwanzoni kabisa, kromosomu moja ikaenda upande usio wake. Ni ajali, akasema, si kosa la mtu, na tunaweza kujaribu tena. Shemeji yako alimweleza mama yake maneno hayo yote. Mama mkwe akaniuliza kama nimekula.

Sasa dada, usinikasirikie. Nilipokuomba kile chumba chako cha uani, sikuwa nakuja kutembea. Niliamua kwamba kasoro ikiwa yangu, nitaondoka, shemeji yako aoe mwingine. Nguo nilishazipanga sandukuni. Jana alinikuta nazirudisha kabatini. Alizipokea moja moja mkononi mwangu, akazitundika.

Chumba mpe mwenye shida nacho. Nisalimie shemeji na watoto, kila mmoja kwa jina lake.

Ni mimi mdogo wako,
Kadogo