Jina Lako Ndani ya Nyumba

Gisenyi, Machi 1956

Mume wangu Wellars,

Nakusalimu huko migodini Katanga. Hapa mvua inanyesha na maharagwe yamechanua. Binti yetu Thacienne tulimzika Jumatatu, homa ilimshinda. Tangu hapo nilikuwa napiga magoti, lakini neno halikutoka.

Jana jirani yetu Nyirasafari alikuja, akapiga magoti kando yangu. "We nyamaza tu," akasema. "Leo mi nitakuombea."

Akamwombea mtoto, akaniombea mimi, kisha akasema, "Na Wellars, ee Mungu, umulinde kule chini ya udongo."

Tangu uondoke, sikuwa nimesikia mtu mwingine akitaja jina lako ndani ya nyumba hii. Nililia sana, Wellars. Halafu nikaweza kusema Amina.

Mimi mke wako,
Drocella