Sanduku la Babu

Jumamosi, Majengo

Wanafiki wakubwa! Leo tumefungua sanduku la marehemu babu, aliyewachorea wenye maduka mabango maisha yake yote. Chini ya nguo tumekuta michoro ya wino aliyowachorea wateja wa siri miaka ya sitini: wanawake wazima wamevaa buti ndefu za kamba, na wanaume wamepiga magoti wakizibusu.

Baba mkubwa, mwanawe wa kwanza, akawaka. “Uchafu huu uchomwe sasa hivi!”

“Lakini baba mkubwa, hii ni kazi ya mikono yake,” nikasema.

“Nyamaza! Unataka watu watucheke?”

Nikamletea kiberiti. Sijui kwa nini huwa namtii.

Akaichoma uani, karatasi moja moja, kila moja akiitazama kwanza bila haraka. Ya mwisho ilipoteketea akaliinamia tena sanduku, akalipapasa, akaninong’oneza: “Ile ya mama mwenye miwani mbona haipo?”

Babu amekufa akiamini hakuna hata mmoja wetu aliyeijua kazi yake hii ya siri. Kumbe mwanawe alikuwa akiitazama miaka yote, na hakuwahi kumwambia mzee hata mara moja kwamba michoro yake ni mizuri.